Mlima Usioitika

Silver Spring, Maryland
Tarehe 6 Oktoba 2024

Kwako Yaya Laure, dada yangu mkubwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bujumbura, wewe na shemeji na watoto wote. Miguu inaendeleaje, ule uvimbe umeshuka? Sisi huku tuko salama, ila baridi imekwisha kubisha hodi. Ineza mke wangu anakusalimia sana.

Nakuandikia kama ulivyoniomba, kwa sababu ulisema simu yako haitoi sauti tena. Sawa, lakini ujue unanitesa. Mimi na kuandika kwa dole gumba kwenye kioo hiki hatupatani, ukiona makosa mlaumu huyo fundi wako aliyeshindwa kutengeneza spika.

Habari za Mama. Mwili uko mzima kuliko mimi, ila akili inakwenda na kurudi. Asubuhi ananijua vizuri, anauliza hata kama nimevaa sweta. Mchana ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Na kila siku anajifunga kitenge, anatia Biblia yake mfukoni, anakaa kwenye kiti karibu na mlango na kuniuliza, "Tunapanda lini?" Anataka Kabanjwe, kwetu kule mlimani juu ya Uvira, Yaya. Tangu watutoe kambini watulete Amerika hajaacha kuitaka, na mimi nimechoka kumjibu kesho. Kinachomtesa ni Yaya Nathanaël, kaka yetu mkubwa. Anataka amwone mtoto wake wa kwanza kabla hajafa, au basi hata asikie sauti yake. Tangu mwezi wa saba kaka yetu hajatupigia hata mara moja. Mwambie ateremke pale penye mtandao na ampigie mama yake. Ng'ombe hawatakufa kwa kuachwa saa moja.

Kuna jambo lingine. Mzee Yohan, shemasi wetu anayekaa Bowie, amepanga safari ya kanisa Jumamosi ya tarehe 19 kwenda milima ya Virginia. Watu wa huku wanafunga safari kwenda kutazama majani yakibadilika rangi, wanalala hotelini huko juu, wanapiga picha, wanarudi. Yaani sisi tuliozaliwa mlimani tunakwenda kulipa kiingilio kutazama mlima. Nilicheka, lakini kisha nikasema, ngoja nimpeleke Mama avute hewa inayofanana na ya kwetu. Huenda moyo ukatulia kidogo.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Venuste


Bujumbura
Tarehe 11 Oktoba 2024

Mdogo wangu Venuste,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Sisi tunamshukuru Mungu, miguu ni ile ile, asubuhi naivalisha viatu, jioni viatu vinanikataa. Shemeji yako yuko, anapambana na hii shida ya mafuta ya gari. Mpe Ineza pole ya kazi, na wewe pole ya dole gumba. Wewe tangu shule ulikuwa mvivu wa kuandika, acha uonje.

Kuhusu Nathanaël, unajua mwenyewe mambo ya kule juu. Mtandao hakuna, na njia si nzuri siku hizi, wanaopanda ni wachache. Mwambie Mama awe na subira. Mwambie nilisema mimi.

Hiyo safari ni wazo zuri. Mpeleke. Mfunike vizuri kifua, na mumpe chai ya maziwa, si hayo maji yenu meusi. Aone ukungu, aone miti. Nafurahi kwamba atauona mlima wenye amani.

Endelea kuniandikia. Usihangaike kupiga.

Yaya wako,
Laure


Silver Spring
Tarehe 21 Oktoba 2024

Yaya Laure,

Salamu. Natumaini mko wazima. Sisi huku sijui niseme nini. Tumerudi, hakuna aliyeumia, lakini safari imetuharibikia na mimi ndiye niliyeiharibu.

Tuliondoka asubuhi na basi dogo la kanisa, Mzee Yohan akiendesha, akina mama wanaimba. Mama alikuwa amekaa dirishani, kimya. Tulipoanza kupanda, barabara ikawa inazunguka mgongo wa mlima, bonde huku na bonde kule, ukungu umelala chini. Akafungua dirisha. Baridi ikaingia, watu wakalalamika, yeye akatoa uso nje. Halafu, Yaya, akaanza kutaja majina ya kwetu. Kile ni kilima cha akina Rutabo. Pale ndipo ng'ombe hunywa maji. Pale ni shule ya misheni. Tangu tumefika nchi hii sijamwona na uso ule.

Huko juu kuna hoteli ya mawe na mbao, bomba la moshi linafuka, mbele yake kuna ukuta mfupi ambapo watalii wanasimama na vikombe vya kahawa kutazama bonde. Basi liliposimama Mama akanishika mkono: "Tumefika?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama. Tumefika."

Ungeuona ule uso, hata wewe ungesema ndiyo. Nilifikiri namfurahisha nusu saa, kisha atasahau kama anavyosahau mengine. Aliteremka bila fimbo yake. Alitembea mpaka kwenye ule ukuta, akaweka mikono mdomoni, akaita.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Unakumbuka kwetu mtu akitoka safari ndefu haingii hivi hivi? Anasimama ng'ambo ya bonde na kupaza sauti, na wa nyumbani kwake anamwitikia ndipo avuke. Nyumba yake ikinyamaza, jirani yeyote aliyesikia lazima aitike, hata kama wamegombana. Mama aliita, "Eee, Nathanaël wee, nimerudi." Sauti ile sikujua kama bado anayo. Ilikwenda bondeni ikapotea. Watalii wote waligeuka. Mwanamke mmoja akapiga makofi, nadhani alifikiri ni wimbo.

Mama akasubiri. Akaita tena. Kisha akaanza kuita majirani, nyumba kwa nyumba, ukingo mmoja wa bonde baada ya mwingine, na baada ya kila jina anatega sikio. Mimi nimesimama kama mti. Mwisho akanigeukia akauliza, taratibu tu, "Hata jirani mmoja?"

Akaketi chini kwenye changarawe, akafungua kilemba chake, akasema, "Wamekwisha. Wamekufa wote." Akaanza kulia kilio cha msiba, kile cha kwetu, pale mbele ya watu na kahawa zao.

Nilipiga magoti nikamwambia ukweli. "Mama, hapa si Kabanjwe. Hapa ni Amerika, ni Virginia, tumekuja kutembea." Akanitazama akasema, "Ulisema tumefika. Sasa unanidanganya kwa sababu umeona nilichokiona."

Tulirudi bila kula. Akina mama hawakuimba. Tafadhali, yaya, mtafute Nathanaël.

Mdogo wako,
Venuste


Silver Spring
Tarehe 26 Oktoba 2024

Yaya Laure,

Salamu. Hujanijibu na ninaona umesoma. Au miguu imezidi? Niambie.

Mama amekaa kilio. Ametandika mkeka sebuleni, ameegemea ukuta, hapandi kitandani. Siku tuliyorudi alikwenda jikoni akazima jiko la Ineza kwa mkono wake, sufuria ya maharage ikiwa juu. Katika nyumba ya kilio moto hauwashwi, chakula kinaletwa na watu kutoka nje, hayo unayajua. Basi hali chochote kinachopikwa hapa. Nilinunua mchele na kuku mgahawani nikamletea. Akauliza, "Nani ameleta?" Nikasema mimi. Akasukuma sahani. Mwenye msiba hajiletei chakula mwenyewe. Anakunywa maji na chai kidogo, basi.

Mzee Yohan alitaka kuwaambia watu wa kanisa waje. Nilimkatalia. Niliogopa, yaya. Kumwitia watu kilio mtu aliye hai ni kumwombea kifo, na Nathanaël ana watoto. Sitaki msiba wa uongo nyumbani kwangu.

Kijana mmoja kwenye basi alimpiga Mama video akiita. Nakutumia. Mtumie mtu anayepanda, amwonyeshe kaka, na yeye arekodi neno moja tu: "Mama, nipo." Aitike. Hilo tu ndilo litakalomwinua Mama. Nimejaribu yote mengine.

Mdogo wako,
Venuste


Bujumbura
Tarehe 29 Oktoba 2024

Venuste,

Samahani kwa kuchelewa, sikuwa vizuri. Video nimeiona.

Mwambie Mama kwamba Nathanaël anamsalimia sana. Yuko salama, anachunga, watoto wamekua. Anasema Mama ale, atampigia njia ikifunguka.

Mlazimishe ale. Nakuomba.

Laure


Silver Spring
Tarehe 3 Novemba 2024

Yaya Laure,

Leo sianzi na salamu ndefu, nisamehe.

Salamu zako nilimpa Mama asubuhi, saa ambayo akili yake imetulia. Nilikaa naye mkekani nikamwambia neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Aliyekuambia hivyo anakuonea huruma." Kisha akageukia ukuta.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia mama yangu. Nilimshika mabega nikamwinua kutoka kwenye mkeka, nikamwambia aache kumwitia mtoto wake kifo, aache kututia aibu, mlima ule hauna mtu wetu hata mmoja, nani angemwitikia? Alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Nilipomwachia alirudi chini pale pale. Ineza alinitoa nje, tukasimama kwenye ngazi kama watoto waliofukuzwa darasani.

Juzi alianguka bafuni, tukampeleka hospitali, wakamtilia maji mshipani. Daktari anasema hakuna ugonjwa, ni kwamba amekataa kula, na kwa umri wake hatuna muda. Sasa nisikilize. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee wa watu wengine kule Beltsville. Nawalisha kwa kijiko, nawaimbia, wanakula. Wangu ananifia sebuleni nikimtazama.

Kama wewe humpati Nathanaël, nipe namba ya mtu yeyote wa kule juu. Nimeshaandika kwa mchungaji wa Uvira, ananijibu kwamba nikuulize wewe. Kwa nini nikuulize wewe? Wewe unajua nini?

Venuste


Bujumbura
Tarehe 6 Novemba 2024

Mdogo wangu mpenzi Venuste,

Kabla hujaendelea kusoma, mwite Ineza akae karibu nawe. Ikiwa uko peke yako, ifunge barua hii, nenda mahali penye watu wako, ndipo uifungue.

Mama hakukosea. Nathanaël hayupo.

Mwezi wa nane watu wenye silaha walipanda Kabanjwe asubuhi, wakati wa kukamua. Walimuua Nathanaël zizini. Walimuua mke wake Domina na wavulana wao wawili. Akina Rutabo wamekufa, na nyumba za ukingo wote zimechomwa. Waliobahatika wamekimbilia msituni, wengine wako Uvira, wengine wapo hapa Bujumbura wamelala kwenye shule. Aliyenipa habari ni mwalimu wa shule ya misheni, alishuka kwa miguu, alikuwa amewazika kwa haraka, wote pamoja. Kule juu sasa hakuna mtu hata mmoja.

Nisamehe. Simu yangu haina ubaya wowote. Niliogopa ukisikia sauti yangu utajua. Tulikaa na shemeji yako na mchungaji, tukasema mtu aliye mbali hapewi habari ya kifo kwenye simu, akiwa peke yake kwenye gari au kazini. Tulisema tumtafute mtu anayesafiri kwenda Amerika, aje mpaka kwako, akae, aombe maji ya kunywa, ndipo aseme, kama inavyofanywa kwetu. Nilimtafuta huyo mtu na sikumpata. Na kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Ulipoandika kwamba Mama aliita na hakuitikiwa, nilitoka nje nikaketi chini. Ile video nimeitazama mara moja tu. Angekuwa amesimama Kabanjwe yenyewe, ingekuwa hivyo hivyo. Asingepata hata jirani mmoja. Mimi ndiye niliyekuandikia umlazimishe ale, nikijua analilia kweli. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Usimwambie tena kwamba amekosea. Mwache alie, mdogo wangu, na wewe ulie naye.

Yaya wako,
Laure


Silver Spring
Tarehe 9 Novemba 2024

Yaya wangu Laure,

Salamu kutoka kwangu, kwa Ineza, na kwa Mama. Pole, yaya. Pole sana.

Sikukutii. Niliisoma kwenye maegesho ya kazini, peke yangu, kwa sababu nilidhani unanitisha tu ili nisikukasirikie. Sikuweza kushuka garini. Mkubwa wangu alitoka kuniulizia, akanikuta nimeinama kwenye usukani, akampigia Ineza. Mzee Yohan ndiye aliyekuja kunichukua.

Nyumbani nilivua viatu nikaketi kwenye mkeka upande wa Mama. Mama alinitazama akasema, "Umesikia sasa." Nikasema ndiyo. Nikamwomba anisamehe kwa kumshika vile. Akasema, "Ulikuwa hujasikia." Akanivuta kichwa mapajani mwake. Nililia, yaya, mpaka wapangaji wa chini wakabisha mlango.

Safari hii nilimruhusu Mzee Yohan awaambie watu wa kanisa. Watu walijaa nyumba. Walitoka Beltsville, wakatoka Bowie, viatu vikafika mpaka kwenye ngazi. Vaileth wa kanisani kwetu alileta ndizi na nyama. Mwatumu, yule jirani wa Tanga wa ghorofa ya tatu, yeye ni Mwislamu, alikuja na sinia la wali amelifunika kwa kanga yake. Aliliweka mbele ya Mama akasema, "Mama, tumesikia, tumekuja." Hayo maneno tu. Mama akanawa mikono, akala. Wote tulimtazama anavyotafuna. Nilitamani ungekuwepo.

Tangu siku hiyo anakula kinacholetwa, na watu hawajaacha kuleta. Kuna wakati anasahau kwamba ni kilio, anawauliza wageni kama wamekuja kwa harusi. Kisha anakumbuka, nami naona anavyokumbuka, na anaanza upya kulia. Daktari amefurahi kwamba ameanza kula. Mimi sijui nifurahi au nisifurahi. Kaka yetu hayupo. Domina hayupo, na wale wavulana niliowaahidi mipira. Naamka nalijua hilo na naenda kazini nalo.

Lakini ninachokuandikia hasa ni jambo lililotokea leo asubuhi. Nilimsomea Mama barua yako yote, bila kuruka. Aliposikia mwezi wa nane alinisimamisha. Akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena. Kisha akauliza, "Na Laure alikaa kilio na nani?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Alikuwa anatuandikia salamu, anapika, anakwenda sokoni, na moyoni amewabeba wote? Nani alimletea chakula?" Sasa nakuuliza wewe, ingawa najua. Hakuna aliyekuletea. Ulituficha sisi, na kwa kutuficha ukajinyima watu.

Mama amekataza mkeka usikunjwe. Anasema kilio cha Nathanaël amekilia, sasa tunakaa kwa ajili yako. Kesho baada ya ibada watu wote wanarudi hapa, huko kwenu itakuwa jioni. Nitakupigia, nitaiweka simu katikati ya mkeka. Huna haja ya kusema neno. Ukitaka kulia, lia, tutakuwa tunakusikia, na shemeji awaite majirani waje na sufuria zao.

Usinijibu barua hii. Pokea simu tu, Yaya. Mama hatainuka mpaka upokee.

Mdogo wako,
Venuste